Siku Picha ya Nkoma Ilipoganda

Jumatano, mwezi wa tano. Bariadi.

Upepo umeamka nasi vibaya leo. Vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi, na malori ya pamba yameanza kupita, kila moja likiacha manyoya meupe kwenye miiba ya uzio wetu. Msimu umefunguliwa. Zamani harufu ya pamba ilinifurahisha. Leo imenikumbusha baba mpaka nikafunga mlango wa ofisi na kulia kidogo.

Niseme kilichotokea, maana nimekuwa nikikizunguka tangu asubuhi.

Kazi yangu ni kuangalia seva za kampuni ndogo hapa mjini. Seva zenyewe hazipo hapa. Tunazikodi, zipo mbali huko, tunazifikia kwa intaneti, na kiofisi tunaziita wingu. Kupitia wingu hilo, muuguzi wa kituo kimoja cha afya upande wa Nkoma anampima mama mjamzito kwa ultrasaundi, na daktari bingwa aliyeko Mwanza anaiona picha papo hapo. Kifaa chao ni kidogo, hakina kioo. Picha inapita kwetu kwanza, ndipo inarudi kwenye tableti ya muuguzi. Hiyo "papo hapo" ndiyo tunayoiuza, na mimi ndiye ninayelipwa kuilinda.

Leo saa nne asubuhi picha iliganda.

Muuguzi, Sista Milembe, alikuwa na mama wa mimba ya miezi minane aliyelalamika kwamba mtoto hachezi kama kawaida. Daktari alikuwa anautazama moyo wa mtoto. Picha ikasimama, naye asijue kuwa kilichosimama ni picha. Alikuwa anaongea na Sista kwa simu, na simu ilikuwa kwenye spika. Akasema, "Sista, sioni mapigo." Yule mama akasikia.

Sista akaiacha tableti, akachukua kile kifaa cha zamani cha mbao cha kuwekea sikio tumboni, akainama. Moyo ulikuwa unadunda vizuri tu. Lakini mama alishapiga yowe, na ndugu zake waliokuwa nje walishaanza kulia msiba.

Kosa ni langu.

Wiki iliyopita bosi alipata mteja mpya, chuo kinachotaka kuweka masomo ya video kwenye seva zetu hizo hizo. Akaniuliza kama nafasi itatosha. Nikaangalia matumizi ya mwezi, nikaona kwa wastani seva zinatumika nusu tu, nikajibu itatosha. Wastani! Moyo wa mtoto hauna habari na wastani. Leo saa nne wanafunzi wote walifungua somo moja kwa pamoja, na picha ya Nkoma ikabanwa humo humo, ikisubiri zamu na video za watu wasio na haraka. Sikuwa nimeitengea njia yake.

Na mimi ni mtoto wa stesheni masta, jamani.

Baba alifanya kazi Malampaka. Reli ilikuwa njia moja tu, kwa hiyo kabla ya kuruhusu treni iondoke alizungusha mkono wa ile simu nyeusi, akauliza stesheni ya mbele kama njia ipo wazi, akasubiri jibu, akaandika saa kwenye daftari. Bila jibu, treni haiondoki. Abiria walimtukana. Wenye marobota ya pamba walimlaumu. Kuna siku mkubwa mmoja alishuka behewani akaapa kumfukuzisha kazi. Baba akamwambia, "Bado, mzee," akaendelea kumenya karanga zake.

Watu wakambatiza Masta Bado. Shuleni nikawa mtoto wa Bado, na niliona aibu mno. Nilitamani baba anayesema ndiyo, kama baba za wenzangu.

Mchana nilimpelekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye hotipoti, na akiwa na furaha aliniwekea simu sikioni. Upande wa pili kulikuwa na mwenzake wa stesheni ya mbele, mtu niliyemjua kwa sauti tu, ambaye alinisalimia "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, kana kwamba mimi ni mtu mzima. Baba alishafariki. Huyo mwingine sijui kama yupo. Nawakumbuka wote wawili, wanaume wasioonana mwaka mzima, kila mmoja akiamini neno la mwenzake na kuruhusu mamia ya watu wapite juu ya neno hilo.

Leo mchana bosi, ambaye wala si mtu mbaya, aliniletea karatasi niisaini iende Nkoma: kwamba tunatoa dhamana picha haitachelewa tena. Nikamwambia dhamana haipo mpaka tuitengee Nkoma sehemu yake ya seva isiyoguswa na mtu, hata kama italala bure kutwa nzima, na chuo kigawane kinachobaki. Akasema mkataba wa chuo umeshasainiwa, tutaongea Ijumaa. Karatasi ikabaki mezani.

Ningeweza kusaini. Pengine hadi Ijumaa kusingetokea kitu.

Pengine.

Saa kumi nilimpigia Sista Milembe. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya mtandao kusumbua, kama tunavyosema wote. Yakanikwama. Nikamwambia ni mimi, niliwaruhusu wengine waingie bila kuhakikisha yeye atapita.

Kisha akaniambia yule mama amerudi kwao na ameapa hatapimwa tena kwa kifaa kile cha picha. Na kesho ana akina mama sita, wawili wanatoka mbali kwa miguu.

"Kabula mdogo wangu, niambie ukweli tu. Waje au wasije?"

Nilitaka sana kusema waje. Nilitaka tuwe kama tulivyokuwa jana, anicheke, aniulize nitaolewa lini.

"Wasije, Sista. Watafutie gari, wapimwe huku Bariadi. Mpaka nitakapokupigia."

Akashusha pumzi. Akasema sawa, na kwamba siku nitakayompigia kumwambia waje, atawaita bila kuniuliza mara mbili.

Karatasi nimeichana.