Bei ya Haki kwa Baiskeli ya Safari

Jumatatu, 3 Juni
Daktari ameangalia picha ya goti, akaangalia tumbo langu, akasema vilima basi. Niendeshe kwenye tambarare tu. Hapa Gisenyi tambarare ni barabara ya kando ya ziwa, nayo inaisha kabla mtu hajatoa jasho. Donc nauza baiskeli. Nilinunua kwa Mholanzi mmoja aliyemaliza safari yake hapa, akachoka nayo: faranga elfu mia sita, pamoja na mifuko yake ya kubebea. Miaka mitano imepita. Bei ya haki – elfu mia nne. Nimemwambia mke wangu, Dancille. Akauliza kama bei hiyo inahesabu pia miaka ambayo imekaa sebuleni kwake bila kulipa kodi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza na jirani yetu Jado, anayeshusha viazi kutoka Kanzenze kwa baiskeli. Ameiinua yangu kwa mkono mmoja. Mimi huwa najivunia hilo. Yeye amesikitika.
"Iko mwepesi sana, muzee. Mifuko mbili ya viazi, itavunjika mugongo."
Nikamweleza: chuma chepesi, gia nyingi, imetengenezwa kuvuka nchi. Akauliza ikivuka nchi inabeba nini. Nguo, nikasema. Hema. Biskuti. Amenionea huruma waziwazi. Anatoa elfu themanini, kwa ujirani.

Alhamisi, 6 Juni
Amekuja Gentil, yule anayekodishia watalii baiskeli pale ufukweni. Bei gani? Elfu mia nne.
"Sawa, muzee. Nabeba lini?"
Hivyo tu. Hakuinama kuangalia hata cheni. Mtu akikubali bei haraka namna hiyo, bei ina kasoro. Nimemwambia kuna mwingine anaitaka – Jado, kwa themanini, si uongo – na kwamba nitafikiri. Jioni nimefikiri. Nimemtumia ujumbe: elfu mia tano.

Jumamosi, 8 Juni
Gentil amepiga simu. Mia tano pia anakubali. Atakuja Jumatatu na pesa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikamuuliza nani ataiendesha. Yeyote anayelipa. Italala wapi? Nje, chini ya turubai. Cheni anaisafisha kila baada ya muda gani? Akauliza kama simu inakatika.
Dancille alikuwa anachambua maharage, amesikia yote.
"Papa Belise, unauza kinga ao unaoza binti?"
Nikasema nauza baiskeli, ila natafuta bei ya haki. Akasema bei yangu ya haki ni ile inayorudisha kila mnunuzi kwao. Mwanamke huyu angekuwa hakimu.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada amekuja Igihozo, muuguzi wa Rugerero. Alisikia habari kwa Jado. Ana mia mbili na hamsini. Amesema hapohapo mlangoni, kabla ya kukaa, asinipotezee wakati. Ningemshukuru na kumsindikiza. Lakini akauliza:
"Papa, ulifikaka nayo wapi?"
Hakuna aliyeniuliza hivyo, hata nyumbani. Nikamwambia Kibuye, mbali kusini kwa ziwa. Jinsi nilivyosukuma vilima vizima kwa miguu nikijifanya naangalia ndege. Jinsi mvua ilivyonishika, nikalala kwa wavuvi, wakanipa sambaza, dagaa wa ziwa hili, za moto, na asubuhi nikawasikia wakibishana kama nina akili timamu. Sijawahi kuwa na akili timamu kama asubuhi ile. Amecheka sana. Naye anataka kwenda, peke yake, kabla ya arusi yake ya mwezi wa nane. Mchumba anadhani ni mzaha.
Kisha akauliza baiskeli ina ubaya gani. Bon, nimemwonyesha. Gia moja inaruka. Breki ya nyuma inalia. Kiti kinaumiza wiki nzima ya kwanza. Nilikuwa naiua bei kwa mdomo wangu mwenyewe na sikuweza kunyamaza. Dancille akaleta chai, akaniangalia usoni, akatoka.
Nimemwambia Igihozo arudi kesho aijaribu.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika sebuleni, na hali ni hii. Igihozo alikuja mapema, ni siku yake ya kupumzika. Nikamshushia kiti, nikamwambia aende mpaka aone inatosha. Sentensi hiyo ningeipima vizuri zaidi. Sasa jua limepanda. Gentil yuko hapa na bahasha yake, ameshaongezewa chai. Ameuliza baiskeli iko wapi. Nimesema inajaribiwa breki. Akauliza huyo mwingine ametoa ngapi. Dancille akajibu kabla yangu: "Hawajapatana bado." Sijui alikuwa ananisaidia ama ananishitaki.
Simu imelia. Picha. Ziwa liko chini, migomba, baiskeli imeegemea jiwe. Napajua pale. Ni barabara ya Kibuye, tena ameshapita chemchemi za maji ya moto. Chini ya picha: "Papa, nimesahau kugeuka. Nirudi?"
Dancille amesoma akichungulia begani kwangu. Amesema nimwambie arudi, mgeni anangoja. Lakini amesema kwa sauti ya chini, Gentil asisikie.
Nimeandika: mbele kuna kilima kirefu, punguza gia kabla hujakifikia, na ukichoka shuka usukume, hakuna anayekutazama. Sijatuma bado. Gentil ameweka kikombe chini, anauliza kama ni yule anayejaribu breki. Nimesema ndiyo. Anauliza anasemaje –