Kiungulia cha Bu Barak

Jumapili, 3 Novemba 2024

Nimechoka. Tangu alfajiri niko barabarani – shule, soko la samaki, hospitali, shule tena. Lakini leo kuna habari!

Bosi wangu, Bu Barak, amemezeshwa kamera. Miaka sita iliyopita alikatwa tumbo ili apungue. Akapungua kweli. Zamani nilikuwa namsukuma kuingia garini, siku hizi anaruka mwenyewe. Ila kiungulia kikaja, kikakaa. Analala ameketi kama askari wa geti. Akiinama kufunga kiatu, tindikali iko kooni.

Daktari Shaikha, mama mkali huyo, amesema dawa zimeshindwa na koo linaungua. Apasuliwe tena: tumbo libaki kifuko kidogo, utumbo uunganishwe pale juu, tindikali ikose njia ya kupanda. Nimeelewa. Ni kama kuchepusha mtaro.

Siku yenyewe ni Jumatatu tarehe 18. Nikamkumbusha bosi kwamba binti yangu Mutheu anafunga ndoa tarehe 30, kwetu Mwingi, na mimi ndiye wa kumpeleka madhabahuni. Akasema, "Nikishapasuliwa nikarudi nyumbani, nenda. Kabla ya hapo nani ataniendesha? Mwanangu Barak? Huyo ataniua kabla ya daktari!"

Haya. Tumbo lake ndilo likizo yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Supu tu. Daktari anataka ini lisinyae kabla ya kisu. Mama, yaani Um Barak, mke wa bosi, amefunga kabati la biskuti, ufunguo anatembea nao. Akaniambia ameolewa na mtoto. Bosi akajibu kutoka sebuleni: "Mtoto angalau hupewa maziwa!"

Jumapili, 10 Novemba

Bosi kaniambia nipitie kwenye duka la nyama ya shawarma. Nikasema, "Baba, gari halina mafuta." Akachungulia mshale – tangi limejaa! Tukacheka mpaka akakohoa. Hatukwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Mutheu kapiga simu. Gauni limefika. "Baba, suti unayo?" Ninayo. "Na ruhusa?" Nikasema mtandao ni mbaya.

Daktari Shaikha anasafiri Jumanne, atarudi Desemba. Kwa hiyo ni Jumatatu hii au basi. Ikipita, Mutheu atapelekwa na mjomba wake, yule anayelia hata kwenye harusi za majirani.

Jumatatu, 18 Novemba

Hospitali. Chumba cha bosi kimepambwa kuliko ukumbi wa harusi. Maua, chokoleti kwenye sinia la fedha, meza ya kahawa. Ndivyo wanavyofanya Waarabu hapa, mgonjwa ndiye mwenyeji. Upasuaji saa sita mchana. Hajala tangu jana, na asubuhi hii hata maji marufuku.

Saa tatu akaingia ami yake, Bu Jarrah, na wazee wawili wa barazani kwao. Mama alikuwa ghorofa ya chini anazungumza na watu wa bima. Mimi nikashika dele la kahawa. Nikajaza finjani ya kwanza, nikampelekea ami. Mzee akaisukuma: "Mwenye nyumba kwanza!"

Kwao ndivyo. Mwenyeji hunywa ya kwanza ili mgeni ajue kahawa haina neno. Na bosi, maskini, kwa mazoea ya miaka yote – akanyoosha mkono, akapokea, akanywa. Yote!

Halafu tukatazamana.

Hapo hapo nesi akaingia. "Bu Barak, umeweka chochote kinywani?"

"Hata mate sijameza."

Ami akakagua dari. Nami nikamwona Mutheu na gauni lake, yuko mlangoni mwa kanisa anageuka kuniangalia. Nikinyamaza, saa sita anapasuliwa, mimi nasafiri. Lakini daktari alishasema mbele yangu: mtu akitapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, vitu huingia mapafuni. Na huyu kila kitu chake kinapanda!

"Sista," nikasema, "amekunywa kahawa. Mimi ndiye niliyemimina."

"Msaliti wewe!" bosi akafoka.

Nesi akatoka mbio. Mama akarudi, akaambiwa, akamgeukia mzee. "Ami, umekuja kumwona mgonjwa au kumzika?"

"Binti yangu, mimi nilikaribishwa tu."

Hata nesi, aliyekuwa amerudi mlangoni, alicheka.

Sasa ni saa saba. Naandika nikiwa kwenye kiti cha pembeni. Daktari wa nusu kaputi anasema wangoje mpaka jioni. Daktari Shaikha ameenda kuuliza kama chumba cha upasuaji kitapatikana jioni hiyo. Hajarudi.

Bosi alifumba macho kwa hasira. Kisha akafungua jicho moja. "Kilonzi, ungenyamaza ungeenda harusini."

"Na wewe, Baba, ungeenda wapi?"

Akacheka, akajishika kifua, tindikali hiyo.

Hodi tena! Wageni watatu na sanduku la chokoleti. Mama anataka kuwarudisha, bosi amekataa, aibu. Ananinyooshea kidole mbele yao wote. "Kilonzi, leo mwenye nyumba ni wewe. Kunywa."

Nimekunywa. Ya moto, iliki tele. Wageni wameketi, wanaitikia kwa kichwa, nawamiminia, kisha narudi kwenye daftari. Nje kuna viatu vinakuja haraka. Vya kike – Daktari Shaikha huyo, na jibu lake. Bosi ameketi wima, mimi naacha kalamu, nasimama na dele.