Kioo cha Jumatatu: Kumkumbuka Bi Vumbi

Mama, mwaka mzima umetimia leo tangu ulipoacha kuhesabu. Kalamu nimepewa mimi, binti yako, mtoto wako wa pili, kwa sababu Kaka akianza kuandika karatasi inalowa, na Baba amesema yeye atatia neno moja tu mwishoni. Basi nitasema kwa niaba ya wote. Nikikosea unisamehe kama ulivyozoea, kwa kunitolea macho kwanza.

Majirani walikuita Bi Vumbi, na hukukasirika. Kazi yako ilikuwa matope. Wewe na wenzako mlitoboa ardhi ya bonde kavu nyuma ya mji, lililokuwa ziwa zamani, mkachomoa mabomba marefu ya udongo, nawe ukayakata vipande kama mkate. Ndani ya kila kipande ulitafuta chavua, ule unga wa maua, iliyoanguka ziwani maelfu ya miaka kabla yetu. Chavua ya nyasi ilikuambia kulikuwa na mbuga. Ya miti ya baridi ilikuambia watu wa wakati huo, kama walikuwapo, walilala wamejifunika. Magamba ya mwani, madogo kuliko punje ya chumvi, yalikueleza kama maji yalikuwa matamu au yalikuwa yameanza kuwa ya chumvi.

Ulikuwa unatutisha bila kukusudia. Fundi cherehani wa pale chini bado anasimulia siku uliyompelekea sketi, ukaitazama sakafu yake, ukamwambia, "Hapa ulipoweka cherehani, maji yangekufika shingoni." Akakuuliza, "Lini tena, Mama? Mbona sikuambiwa nilipopanga?" Ukamjibu, "Zamani sana. Usijali, yalikauka yote ndani ya umri wa mtu mmoja." Anasema tangu siku hiyo hashoni akiwa amevua viatu.

Katika chavua zote ulipenda ya mti mmoja wa nyanda za baridi, ambao hapa kwetu haujaota tangu nchi ilipopata joto. Ina mifuko miwili ya hewa, mmoja kila upande, nawe ukaipa jina la Masikio. Tulipokuwa wadogo tukigombana chumbani, ilitosha usimame mlangoni useme, "Nyamazeni, Masikio anasikia." Tulinyamaza. Kaka ana miaka arobaini na bado huzitazama pembe za chumba kabla ya kumsengenya mtu.

Koti lako la maabara halikuvuka mlango wa nyumba hii kwa miaka thelathini na moja. "Vumbi la kale lisikutane na la leo," ulisema, na siku Baba alipokuja nalo mkononi akidhani anakusaidia, alilala sebuleni. Na kila Jumatatu asubuhi uliweka kwenye ukingo wa dirisha la chumba chenu kipande cha kioo kilichopakwa mafuta mazito, dirisha likiwa wazi kiasi cha kiganja. Chavua ya mtaani ilinasa humo, na Ijumaa ulikipeleka kazini kukihesabu. Asiyelijua vumbi la leo, ulisema, atalisingizia la kale. Baba alikuwa anakuuliza umenasa nzi wangapi.

Karatasi yako ya hesabu ilikuwa na safu nyingi, na ya mwisho uliiandika *Sijui*. Ulituambia mtaalamu asiye na safu hiyo ni mwongo mwenye hadubini.

Siku ile pia ulikuwa unahesabu. Mwenzako wa kazi, ambaye sisi tumemwita Mjomba tangu utotoni, alikuona umeinamia hadubini tangu saa nne. Katika maabara yenu hakuna anayemkatiza mtu kabla hajafikisha chembe mia tatu, kwa kuwa akikatizwa huanza upya. Akakusubiri. Chai yako ilipoa, akakutengenezea nyingine, nayo ikapoa. Saa sita ndipo alipokugusa bega. Jicho lako lilikuwa bado kwenye hadubini.

Mjomba hajajisamehe, ingawa daktari alimwambia moyo ulisimama ghafla na hapakuwa na la kufanya. Tunasema hapa, mbele ya kila anayesoma: Mjomba, hatukulaumu. Kunywa chai yako.

Jumatatu ya kwanza baada ya kukuzika, Baba alipaka kioo mafuta akakiweka dirishani. Yeye, aliyekutania miaka yote. Ijumaa Mjomba akapita kukichukua, na ikawa hivyo kila wiki. Kulikuwa na nyasi, masizi ya magari, na chavua ya ule mti wa maua ya zambarau getini, basi.

Mwezi wa tatu baada ya maziko Mjomba alikuja bila kupiga simu. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Shemeji," alimwambia Baba, "kuna mtu amekigusa kile kioo?"

"Nani akiguse? Humu naishi na nani?"

"Nimekuta Masikio. Wawili."

Mimi nilicheka, nikamwambia labda amechanganya na kazi zake za ofisini.

"Nilidhani hivyo, mwanangu. Nikaosha kila kitu, nikahesabu tena kwenye hadubini nyingine. Wapo." Akapunguza sauti. "Huo mti haupo. Haupo popote pale upepo wetu unapotokea."

Wiki iliyofuata walikuwa watano. Kisha tisa. Kisha kumi na wanne, pamoja na magamba ya mwani wa maji matamu, ule unaoishi kwenye ziwa lenye kina. Tunazungumzia chumba cha ghorofa ya tatu, Mama, ambako bomba lenyewe hutoa maji mara mbili kwa wiki.

Mjukuu wako mdogo aligoma kuingia chumbani kwenu. Alisema kuna mtu humo anasikiliza. Tuliulizana nani kamsimulia habari za Masikio, na hakuna aliyekubali.

Lakini aliyetutia hofu kweli ni Baba. Alilifunga dirisha, eti asimtoe aliyekwisha kuingia. Aliacha kushuka kwa fundi kucheza drafti. Nikimpelekea chakula namkuta ameketi kitandani anakitazama kioo, na nikimuuliza anafanya nini anasema, "Anakuja kidogo kidogo. Wiki hii kumi na wanne." Tuliikuta chupa ya dawa zake za presha imejaa, hajameza hata kidonge kimoja kwa wiki tatu. Kaka alimbembeleza, mimi nikamfokea, vyote vikagonga mwamba. Tuliogopa sana. Tulikuwa tumekuzika wewe, na hatukuwa tayari kumzika na yeye ndani ya mwaka huohuo.

Jumatatu moja nilifika mapema na chai yake. Mlango ulikuwa nusu wazi. Mtu alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu, kioo mkononi, ameinama vile ulivyokuwa unainama wewe, na amevaa koti lako jeupe lenye ukoko wa matope kwenye mikono. Nilikuona, Mama. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilikuwa na hakika. Nilitaka kukuita, chai ikanimwagikia mguuni.

Ndipo akageuka, akawa Baba.

Lile koti walituletea ndani ya mfuko siku ya maziko, pamoja na miwani yako na kikombe, na katika kilio kile hakuna aliyeikumbuka sheria yako. Mfuko ulikaa chini ya kitanda hadi mwezi wa tatu, alipoufungua. Tangu hapo kila Jumatatu alikuwa analivaa. Nilisimama nikatazama matope makavu yakipukutika mikononi mwake, yakaelea kwenye jua, yakatua juu ya mafuta.

"Baba," nikamwambia, "ni koti. Hao Masikio wanatoka kwenye koti."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Mjomba wako alipokuja mara ya kwanza. Nimeishi na mama yako miaka arobaini na miwili, unadhani sijui vumbi linatoka wapi? Nimelazwa sebuleni kwa ajili ya koti hili." Akakaa kitandani. "Lakini kila Ijumaa mtu ananipigia simu kuniambia kuna kitu chake kimeonekana. Wewe nitajie nani mwingine ananiletea habari zake."

Niliketi kando yake tukalia, yeye na koti lake, mimi na mguu wangu ulioungua.

Aliyenyamaza kwanza ni yeye. "Angekuwepo angenitoa roho," alisema. "Nimemharibia vioo vya miezi minne." Akalivua, akalikunja, akaomba mfuko usiopitisha hewa. Aliandika tarehe juu yake kwa herufi kubwa kama ulivyokuwa unaandika kwenye mabomba yako, na Mjomba akalirudisha maabara, mahali pake. Tulifungua dirisha, tukafua mapazia, tukapangusa kuta, tukalikung'uta godoro uani. Baba akarudia dawa zake. Akarudia drafti pia, na fundi anasema sasa anaiba waziwazi.

Tangu siku hiyo vioo vimekuwa safi, wiki kumi na nane. Nyasi, masizi, mti wa getini.

Ijumaa iliyopita Mjomba alikuja tena bila kupiga simu. Tulikuwa wote sebuleni tukipanga maneno ya tangazo hili. Aliiweka karatasi mezani. Amehesabu mara tatu, alisema, na mara zote kuna Masikio mmoja.

"Atakuwa alijificha kwenye ufa wa sakafu," Kaka alisema haraka.

"Nilitaka iwe hivyo," Mjomba alijibu. "Wale wa kwenye koti walikuwa maganda matupu. Chavua ya kale huwa hivyo, ya ndani huoza, linabaki ganda. Huyu ana kitu ndani." Akakishika kikombe bila kunywa. "Huyu ameanguka wiki hii. Mahali fulani huo mti umechanua."

Tulizitazama pembe za chumba, kama utotoni. Wote tulimgeukia Baba. Sikuwa nafikiria mti, Mama, nilikuwa nafikiria dirisha. Nilikuwa namngoja ainuke akalifunge, tuanze upya.

Baba aliivuta karatasi, akavaa miwani yako, akashusha kidole safu kwa safu hadi ya mwisho. Akachora mstari mmoja chini ya *Sijui*. Kisha akaomba maji ya kumezea dawa, na mjukuu wako, ambaye hakuwa amekanyaga chumba kile tangu Masikio walipoanza kuonekana, akatumwa akalifungue dirisha zaidi. Akaenda.

Unakumbukwa na mumeo, na mwanao mkubwa anayelia haraka, nami niliyeandika, na mkwe wako, na wajukuu wako wanne, akiwemo huyu wa dirisha, na Mjomba, ambaye sasa anatugusa bega kila tukinyamaza kwa muda mrefu, na fundi wa chini, aliyeomba naye atajwe, na bado hajavua viatu.

Kukusahau hatutaweza, Mama, leo wala siku zote zitakazokuja.

Neno la Baba ni hili: "Bi Vumbi, dirisha liko wazi. Jumatatu naweka kingine."