Mfungue Kogo Kwanza

Minnesota, Marekani

Kwa mume wangu, Baba Chebet,

Chamgei. Naomba barua hii ikukute ukiwa bado umesimama, maana ile sauti niliyoisikia kwenye simu ilikuwa ya mtu anayekaribia kuanguka. Ng'ombe wanaendeleaje? Na Chebet, alifika shuleni salama na matope hayo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na leo sitakuficha kitu.

Tangu uliponipigia kutoka dukani Silibwet sijatulia. Uliongea haraka haraka ukiogopa simu itakatika. "Mama iko sawa," ukasema. "Nimefunga yeye na kamba ya ndama hapo kwa nguzo ya jikoni. Nikienda majani, nikirudi napata yeye hapo hapo." Halafu ukaniuliza baridi ya huku ikoje. Na mimi, kama mjinga, nikaanza kukueleza habari za theluji! Nilipoweka simu chini ndipo akili ikanirudia. Kumbe wakati ule wote tunaongea juu ya theluji, mama yako, Kogo, bibi yake Chebet, alikuwa amefungwa.

Nimeipiga simu ya duka tena na tena, haishiki. Labda mvua imeangusha nguzo za simu. Kwa hiyo naandika, nikijua barua itatambaa njiani siku nyingi na kamba bado iko pale. Baba Chebet, nikifikiria hivyo natamani kupiga kelele katikati ya barabara ya watu.

Si kwamba nakugombeza. Najua ulivyofika hapo. Ulianza kwa kuficha kikapu chake, baada ya yule jirani, mzee wa kanisa, kumkuta ndani ya shamba lake akichuma majani yake ya chai. Ulisikia aibu, ukakitundika juu kwenye dari. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo, maana kuingia kwenye majani ya mwenzako ni wizi, hata ukiwa umezeeka. Lakini tangu siku hiyo ndipo Kogo alipoanza kutangatanga. Anakitafuta kikapu, hakioni, anatoka. Mpaka ile siku lori la maziwa lilipofunga breki mbele yake kwenye barabara ya Sotik. Baada ya hapo ikaja kamba. Nakuelewa kabisa, na bado nasema kamba itoke.

Na mambo ya kuoga. Uliniandikia kwamba tangu niondoke Kogo hajaoshwa vizuri, kwamba wake za majirani walikuja mwanzoni, akawauma, wakaacha. "Mimi ni mwanaume," uliandika, "siwezi kuosha mama yangu. Hiyo kitu haiwezekani kwetu." Najua haiwezekani. Nimeolewa kwenu miaka ya kutosha kujua mtoto wa kiume hatazami uchi wa mama yake. Lakini unajua kazi yangu huku ni nini? Kila asubuhi nawaosha mama za watu. Nawapaka mafuta, nawachana nywele. Juzi mmoja alinishika mkono akaniita binti yake, nikaenda kulia chooni, kwa sababu wangu ananuka mkojo jikoni Silibwet na mimi nipo hapa nasugua migongo ya wageni. Na siwezi kurudi sasa. Karatasi zangu za kuishi huku zikiwa bado kwa wakubwa, nikitoka sirudi tena, na Chebet atafukuzwa shule kwa kukosa karo. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Sioni mlango.

Sasa nisikilize, maana kuna kitu nimekipata. Maktaba ya mtaani kwetu ina kompyuta zilizounganishwa na intaneti. Ni kama wanawake wanavyokaa nje baada ya ibada wakiambiana shida zao, ila kila mmoja yuko nchini kwake na anaandika badala ya kusema. Kuna kundi la watu wanaowatunza wazazi wenye ugonjwa huu wa kusahau. Ndiyo, ni ugonjwa. Daktari wa hospitali alikuambia ni uzee, na jirani anasema Kogo amelogwa. Hawa watu wa kompyuta wanaujua kwa jina lake, na kuna masomo yameandikwa humo ya kuwafundisha watu wa nyumbani kama wewe. Nimekuwa nikienda nikitoka kazini, nasoma na koti langu bado limelowa.

Niliwaandikia habari zetu zote. Niliona haya kuandika neno kamba, lakini nililiandika. Nilidhani watanitukana. Badala yake mama mmoja wa Skotlandi akasema yeye alimfungia mumewe chumbani majira yote ya baridi, na mwingine akasema yeye alificha viatu. Nikaona hatuko peke yetu katika aibu hii, nikapumua kidogo.

Yule wa Skotlandi akaniuliza mikono ya Kogo ilifanya kazi gani maisha yake yote. Nikamwambia majani chai. Akasema, basi mrudishieni kazi yake. Kwa hiyo, tafadhali, teremsha kile kikapu. Ile mistari ya chai nyuma ya nyumba usiichume wewe, mwachie yeye. Mfunge kikapu mgongoni kama zamani, achume. Akichuma majani magumu, mshukuru. Usiyapeleke kwa karani wa kupima chai, atayatupa na kukusema. Yamwage nyuma ya zizi Kogo akiwa haangalii. Kesho atachuma tena. Na mwite jirani yetu, Bot Kiprono, aketi karibu naye na kazi yake ya kushona unapokwenda shambani. Usione haya kumwomba. Mwambie kwamba Kogo ni mgonjwa, usimwambie ni mzee.

Habari ya kuoga, alinijibu mwanaume wa Ayalandi, mtoto wa kiume aliyeachwa peke yake na mama kama wewe. Alisema alikuwa anamfunika mama yake kwa shuka kubwa kuanzia shingoni, anapitisha kitambaa cha maji ya moto chini ya shuka, na macho yake yanatazama ukutani. Kila anachotaka kufanya anakisema kwanza: sasa naosha mkono, sasa naosha mguu. Hakuona chochote, na mama yake alikuwa safi. Wewe mpe Kogo tawi la chai mapajani achambue wakati huo. Mikono ikiwa na kazi, hatauma. Najua ninakuomba jambo zito. Wazee wakikukataza, waulize ni nani kati yao atakuja kumwosha.

Na Kogo akimuulizia mzee wake, baba yako, usimwambie tena kwamba alikufa. Uliniandikia analia kila mara kama ni siku ya mazishi. Kwake ni kweli ni siku ya mazishi, maana anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Mwambie tu mzee ameenda na ng'ombe. Najua wewe hupendi uongo. Utubu Jumapili.

Kabla sijatoka maktaba siku ile, yule mama wa Skotlandi aliandika swali moja zaidi: huyo mume wako, yeye anasaidiwa na nani? Niliweka vidole kwenye mashine nitafute jina. Nilikaa hivyo mpaka mkutubi akaja kusema wanafunga. Baba Chebet, sina jina. Nakuomba ule, nakuomba ulale. Ukianguka wewe, nitakuwa nimewapoteza wote wawili nikiwa nawapaka mafuta watu nisiowajua.

Msalimie sana ndugu yako mdogo wa Chebunyo, na umwambie Kogo ni mama yake pia. Aje hata Jumamosi tu. Msalimie Bot Kiprono jirani yetu mwema. Baba yangu akipita kutoka kule laini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda Kericho, mwambie binti yake ni mzima, usimwambie mengine. Chebet mwambie asome.

Salamu za mwisho ni za Kogo. Nilipokuja kwenu, msichana wa watu wa ziwani, ndugu zako wakinong'ona juu yangu, yeye alisimama nyuma yangu shambani, akanishika viganja vyote viwili, akanifundisha kuchuma. Kama hanikumbuki, usimlazimishe. Lakini usimpe salamu zangu akiwa pale kwenye nguzo. Sitaki jina langu limfikie akiwa na kamba mguuni. Mfungue kwanza, Baba Chebet. Ndipo umsalimie.

Ni mimi mke wako,
Mama Chebet