Himalaya ya Bei Nafuu, Baba Mbele

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefua ovaroli mbili, nimeanika. Jumapili zamu ya kufua ni yangu. Nikiwa kwenye kamba nikawa nawaza Mungu alivyonipendelea. Mimi ni mtu wa bahati, na sisemi kwa kujisifu. Mlima haujanirudisha hata siku moja. Kilimanjaro nimeipanda hadi nikaacha kuhesabu, na kila safari nimefika kileleni, nikasimama pale juu nikaitazama Afrika ilivyojilaza. Wazungu wenye mapafu ya farasi wanashushwa kwa machela, mtoto wa Tanga yuko kileleni anamenya chungwa. Bahati hiyo hainunuliwi.

Binti yangu Mwanaidi amekuja kula na wenzake wawili anaokaa nao Kensington, karibu na chuo, hapa hapa Australia. Kevo wa Nairobi, anasomea uhandisi, anakula kama mtu anayejenga ghorofa tumboni. Clarisse, Mrundi, mpole, amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Wamemaliza pilau ya mke wangu Zuhura hadi ukoko, ndipo wakaleta habari. Desemba wanakwenda Himalaya. Si ile ya matajiri ya mitungi ya oksijeni. Vilima vya chini, kijiji hadi kijiji, unalala nyumba za watu, wali na dengu asubuhi na jioni, basi la bei ya chini. Buti za mitumba. Na mwongozaji wa kukodi hakuna.

Kevo ndiye aliyelitoa neno, ananiita Mzae, ndivyo wanavyosema mzee mitaani Nairobi. "Mzae, tulipe mtu wa nini na wewe uko?"

Mwanangu akanitazama kwa macho yale aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba, nikimsimulia kitandani. Nikasema bila shaka. Nitawaongoza hata nikiwa nimefumba macho.

Zuhura akaanza kukusanya sahani. Kwa kelele.

Jumatano, 15 Oktoba

Ghala la Smithfield, mapumziko ya chai. Nimempa habari Bishnu. Mimi naendesha foklifti ya kwanza ya kunyanyulia mizigo, Bishnu ya pili; kwao ni huko huko vilimani, Himalaya, ananiita dai, yaani kaka mkubwa. Nimefanya naye kazi miaka mingi, hajawahi kukataa sambusa yangu.

Hakucheka kama nilivyotazamia. Akasema shemeji yake anaongoza watu, ni kijana mwaminifu, bei yake ya kindugu. Nikamwambia hapana, mwongozaji ni mimi. Akaniuliza nimewahi kuongoza watu wangapi. Nikamwambia wengi.

Kubadilisha mazungumzo nikamuuliza kwao wanabebaje. Kamba kwenye paji la uso, kapu mgongoni. Nikamwambia hiyo ni adhabu, mzigo mahali pake ni utosini. Tukabishana. Tukapima. Yeye katoni za nyanya za kopo kwa kamba ya nailoni usoni, mimi za kwangu kichwani, kutoka mlango wa tatu hadi mlango wa saba. Nimemshinda kwa hatua chache. Msimamizi katukuta tunahema. Akauliza foklifti zimeharibika? Bishnu akasema hapana bosi, tunakumbuka nyumbani tu.

Nimecheka hadi njia ya kurudi. Halafu ndani ya basi likanirudia swali lake, nimeongoza watu wangapi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mitumba ya kanisa, Fairfield. Nimepata buti nzuri na koti la manyoya ya bata lenye kitundu kimoja, nitaziba. Mwanaidi kapata fimbo mbili, urefu tofauti. Tumecheka.

Harufu ya lile koti imenirudisha mbali. Mji wa Moshi, mwaka niliotoka Tanga na shati moja. Shule niliiacha darasa la sita, kazi ya bandari ikanikosa, nikaambiwa mlimani wanachukua wenye shingo. Koti la kwanza nililopandia lilikuwa la kike, la zambarau, vifungo vya dhahabu, nimeazimwa na muuza ndizi. Wagumu wenzangu, ndivyo wapagazi wanavyoitana, wakaniita Bi Harusi mwaka mzima. Bi Harusi leta kuni. Bi Harusi usije ukayeyuka, wewe chumvi ya pwani. Na baridi ile ilikuwa inaingia kwenye meno. Lakini sijawahi kupendwa na wanaume wengi hivyo maishani. Tulilala kumi kwenye hema la kulia chakula, miguu ya huyu kwapani mwa yule. Makande ya sufuria moja. Nyimbo za siku ya kushuka, wageni wanalia, sisi tunakata kiuno na vumbi hadi kope.

Na Massawe, mwongozaji wetu. Mtu mfupi, mkimya, anatembea kama anakwenda kudai deni asilolitaka. Aliniambia siku ya kwanza, mtu wa pwani, usitazame juu, tazama kisigino cha aliye mbele yako. Nimetazama visigino miaka sita.

Wote wale wako wapi leo. Namba nilizokuwa nazo hazipatikani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ngazi za stesheni, kupanda na kushuka, mara nyingi. Goti la kushoto linalia kama mlango. Bibi mmoja wa Kivietinamu kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumapili, 2 Novemba

Katoomba, mazoezi. Treni ya alfajiri. Mimi, Mwanaidi, Kevo, Clarisse.

Mlima wa Australia ni shimo. Unashuka treni uko juu tayari, unatakiwa uteremke bondeni ndipo upande kurudi. Nimewaambia nchi hii hata milima imejengwa na watu wavivu. Wamecheka.

Begi lile la mgongoni lina mikanda kama farasi wa polisi. Ya kifua, ya kiuno, ya mabega. Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Linaniyumbisha. Kilimanjaro sikuvaa begi la mgeni hata siku moja, nilitia kwenye gunia nikalitwika. Basi nikalitwika. Kitambaa utosini, begi juu, mikono huru. Niliteremka ngazi zile kama maji. Wazee wa Kizungu wakanipisha, mmoja akapiga makofi. Kevo nyuma anasema Mzae ni noma, Mzae ni noma. Nilikuwa kijana tena, wallahi. Nilikuwa na koti la zambarau.

Mwanaidi hakucheka. Alikuwa ananitazama.

Kule chini njia ikagawanyika. Wakasimama wote watatu, wakanigeukia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka sita ile sijachagua njia hata moja. Daima kulikuwa na kisigino.

Nikasema kulia.

Ilikuwa kushoto. Tulitembea hadi njia ikawa kichaka, ukungu ukashuka, mvua ikaja. Clarisse akateleza kwenye jiwe, kifundo cha mkono kikavimba. Hakulia, alisema tu pole, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tulikaa chini ya mwamba tunatetemeka. Nikatia mzaha, hakucheka mtu. Mwanaidi akatoa simu aliyoipakia ramani, akageuza mara mbili, akasema kwa Kiingereza, taratibu, tufuatane naye. Akatutoa. Nimetazama visigino vya mwanangu njia nzima.

Kwenye treni nikasema vibao vya serikali vimewekwa vibaya. Kevo akaitikia. Mwanaidi alitazama dirishani hadi stesheni ya Parramatta.

Jumatatu, 3 Novemba

Clarisse ameteguka tu, haijavunjika. Alhamdulillahi.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo. Naogopa.

Bonde la Katoomba lina treni juu yake. Kule hakuna. Kule juu hewa ni nyembamba, mtu anaanza kuumwa kichwa, halafu anatapika, halafu anaanza kusema maneno ya ajabu. Nimewaona, nimewabeba. Massawe alikuwa anamtazama mtu usoni wakati wa uji, anasema huyu leo hapandi, na mgeni anatukana, na jioni inaonekana Massawe alikuwa sahihi. Alikuwa anaona nini? Sikumuuliza. Nilikuwa nafunga hema.

Watoto watatu wa watu. Mmoja wangu.

Jumatano, 5 Novemba

Kevo ametuma ujumbe kwa wote. Tiketi zinanunuliwa Jumapili. Bishnu aliwatumia namba ya shemeji yake, Kevo amemjibu kwa adabu kwamba asante, tunaye Mzae. Ameweka picha yangu ya Katoomba, begi kichwani.

Nimemsomea Zuhura nikidhani atacheka. Ananijua tangu Moshi, alikuwa anauza chai kwenye geti la mlima, amenipikia chapati kwa mkopo. Aliendelea kukunja nguo.

"Baba Mwanaidi, hadithi nilikuachia kwa sababu zilikuwa za kitandani."

Nikasema nitafanyaje sasa.

"Mdomo uliponza kichwa. Lakini kichwa ni chako, usiponze cha Mwanaidi."

Sikula.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepanda basi hadi mjini, halafu tramu hadi Kensington. Nyumba yao ina viatu mlangoni kama msikiti. Mwanaidi alikuwa peke yake, amefungua vitabu. Nikaketi. Nikaomba maji. Nikaomba tena.

Nikamwambia sikuwa mwongozaji. Nilikuwa mpagazi. Nilibeba meza zao, viti vyao, siku nyingine choo chao. Waongozaji walikuwa wengine.

Alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake. Kisha akaanza kwa Kiingereza, haraka, sikuyapata yote. Alikipata Kiswahili alipofika kwenye hasira.

"Darasa la nne nilisimama mbele ya watu wote, Baba. Nilisema wewe ndiye unawapeleka wageni kileleni. Kwa nini? Kwani kubeba kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu. Nikasema wewe ulikuwa mdogo, na hapa kila mtu ananiuliza nilikuwa nani huko, na kubeba nabeba hata hapa. Nilitaka uwe na baba aliyekuwa mbele.

Alilia kidogo, mimi zaidi. Nimemwambia bila shemeji wa Bishnu hamtoki, nitalala mbele ya ndege. Akasema sawa. Nikaongeza, na mchukue mpagazi, wa kijijini, mumlipe vizuri, mzigo wake muupime nyinyi wenyewe. Akasema sawa.

Nikiwa mlangoni navaa viatu akauliza, sauti yake ya zamani.

"Lakini kileleni ulifika?"

Nikasema nilifika.

Jumatatu, 10 Novemba

Siendi. Pesa za tiketi yangu walipwe shemeji na mpagazi. Nimewaambia ni goti. Kevo kasema pole Mzae, tutakuletea jiwe. Ameliamini goti, na kweli goti lipo.

Ukweli ni kwamba siwezi kutembea mikono mitupu nyuma ya mtu aliyebeba begi langu. Nimejaribu kuliwaza. Nitamnyang'anya.

Bishnu kafurahi. Ameleta dengu za mkewe. Ameniambia juu ya kijiji chao kuna kilele kidogo, si cha kitabuni, wamefunga vitambaa vya dua vya rangi. Wageni wanapenda kupigia picha pale asubuhi. Nikauliza na wapagazi? Akasema wapagazi wanasubiri chini, wanachemsha chai. Tukanywa yetu.

Jumapili, 30 Novemba

Kesho wanaondoka. Nimefunga mabegi yote matatu mwenyewe. Vizito katikati, karibu na mgongo, nguo za mvua juu. Hili nalijua, hapa sina haja ya kudanganya mtu. Zuhura katia visheti kwenye mkebe wa biskuti. Kevo ameshaanza kuvila.

Nimemvuta Mwanaidi pembeni. Nimemwambia nina ombi moja. Mtakapofika juu kabisa, pale penye vitambaa, yule mpagazi msimwache chini. Mwambieni twende. Begi abebe mwingine, au liachwe.

"Kwa nini, Baba?"

Nikasema ni heshima tu, desturi ya wagumu.

Hakuna desturi kama hiyo.

Alinikumbatia kwa nguvu, kama mtoto.

Alhamisi, 4 Desemba

Hakuna ujumbe. Bishnu anasema mtandao kule ni wa kuwinda.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna. Nimegonga rafu kwa foklifti, kidogo. Zuhura anaswali zaidi ya kawaida.

Jumamosi, 6 Desemba

Saa tano asubuhi simu ya Bishnu. Shemeji amepata mtandao. Clarisse alianza kuumwa kichwa juzi jioni. Alisema ni uchovu, akataka kuendelea, wenzake wakaona kweli ni uchovu. Jana asubuhi shemeji alimtazama akinywa supu, akasema huyu leo hapandi. Wakashuka wote hadi kijiji cha chini, wakapumzika siku nzima. Sasa mzima, anakula. Wanapanda tena kesho, pole pole.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma. Mimi ningemwambia kaza moyo binti, bado kidogo. Najijua. Ningemtia mzaha, angecheka, angepanda.

Jumanne, 9 Desemba

Joto. Nimerudi kutoka kazini, nimeoga, nimekaa uani na miguu kwenye beseni. Jirani anamwagilia nyanya. Picha ikaingia.

Wako juu. Vitambaa vyekundu, vya manjano, vya buluu, vinapepea hadi vimefunika nusu ya uso wa Kevo. Clarisse anacheka na bendeji yake. Shemeji yuko pembeni. Katikati mtu mfupi wa makamo, kofia ya sufu, ndala na soksi. Mikono hajui aiweke wapi, ameishikanisha mbele kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Hatazami kamera. Anatazama kule nyuma yake, milima ile mikubwa myeupe.

Mwanaidi ameandika kwa Kiswahili, makosa mawili tu. Baba, anaitwa Man Bahadur. Amebeba kwenye njia hii tangu hajaoa, na hapa hajawahi kuja. Hakuna mgeni aliyemwambia twende. Amekaa pale juu hadi chai yetu ikapoa. Nimemwambia baba yangu pia alibeba, lakini yeye alifika.

Nimeiangalia picha muda mrefu. Maji ya beseni yamepoa. Zuhura amekuja, ameangalia, ameniwekea mkono begani, amerudi ndani.

Kilimanjaro tulikuwa tunawachemshia wageni chai kambi ya mwisho, wanatoka usiku na taa zao kwenda kileleni, sisi tunajifunika tena. Asubuhi tunafunga mahema tunawasubiri wateremke. Miaka sita.

Kileleni sijafika. Hata mara moja.