Dagaa wa Mama Hawa na Nyota za Angani

Dada Zuhura, shikamoo. Tanga hamjambo? Huku Ujiji jua ni kali na dagaa ni watamu mno, nimeshanenepa.

Jana mchana nilitoka shuleni nikateremka ziwani kwa jirani yangu Mama Hawa, anayeanika dagaa kwenye wavu uliotandikwa chini. Hata sijamsalimia, akanipigia kelele: "Mwalimu, vua viatu, unakanyaga mboga za watu!"

Nikavua, nikamsaidia kugeuza. Dagaa walijaa katikati ya wavu, wakapungua kidogo kidogo kuelekea pembeni. Nikamuuliza nani kawapanga vizuri hivyo.

"Nani apange? Tunamwaga katikati, tunageuza geuza, wanasukumana wenyewe."

Basi unanijua na fizikia yangu! Nikamweleza kwamba nyota za galaksi yetu nazo zimesongamana katikati na kupungua pembezoni, maana mawingu mazito ya gesi na mikono ya galaksi, ile mikanda ya nyota iliyojipinda, huzivuta huku na huku mpaka zinahama. Hata jua, wataalamu wanadhani, halikuzaliwa hapo lilipo.

Mama Hawa akacheka. "Kumbe na huko juu wameanika!" Kisha akalitazama jua kwa jicho moja. "Limehama kwao, na dagaa wangu linawakausha kila siku."

Najua mama yetu bado amenuna tangu nimwambie kwamba nabaki kufundisha huku. Mkaangie dagaa ninaowatuma, ashibe kwanza, halafu msomee hayo maneno ya Mama Hawa.

Wabusu watoto wote.

Mdogo wako, Saida