Karte ya Clémentine wa Kwanza

Kamina, Kampi ya Reli
Tarehe 12 Machi 1953

Yaya Augustine, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana wetu. Unaamkaje kule Bukama? Goti lako linaendeleaje na hii mvua? Na shemeji Nicodème, angali anapeleka samaki kwa pirogi yake mtoni? Sisi tuko wazima wa mwili. Moyo njo hauko muzima, juu ya Clémentine, mutoto wa marehemu mudogo wetu Jean, ambaye ninamulea.

Mwezi uliopita Émile, fundi wa gereji ya reli, mwanaume wa miaka makumi tatu, alimuharibu. Mimi na bibi yangu wa ndoa, Léa, tulimupeleka kwa masista wamutunze, kisha nikamushitaki Émile. Sasa amefungwa katika boloko, anangoja juji amuhukumu.

Mjomba wa Émile, Mulumba, alikuja hapa. Akasema, "Constant, mutoto mwenyewe alikubali. Tutaleta mali, atakuwa bibi ya Émile, tumalize."

Nilimwambia yale juji alinieleza kwa kinywa cha karani. Mutoto asiyetimiza miaka kumi na ine, sheria haimupe uwezo wa kukubali. Hata akisema ndiyo, hata akienda kwa miguu yake mwenyewe, sheria inahesabu kwamba alikamatwa kwa nguvu. Mali haifuti ile.

Mulumba akacheka. "Kumi na ine gani? Karte ya batizimu inasema 1937. Na weye njo uliipeleka kwa masista."

Yaya, ni kweli. Unakumbuka Clémentine wa kwanza wa Jean, yule aliyechukuliwa na surua, na huyu aliyefuata akapewa jina lake kama desturi yetu. Mwaka 1948 masista walitaka batoto wa miaka kumi kwa darasa la kushona. Huyu alikuwa na saba. Katika sanduku ya Jean nikaona karte ya yule marehemu, jina moja, baba moja. Nikaipeleka. Nilijiambia ninamusaidia yatima.

Daktari ameangalia meno na mifupa. Anasema labda kumi na mbili, labda kumi na tano. Basi karte njo itaamua, na Mulumba anajua naogopa. Alipotoka aliniuliza, "Weye mwalimu wa katekisimu, utasimama useme ulidanganya masista?"

Siku tatu nilinyamaza, na rozari ilikuwa ya mdomo tu. Jana Clémentine alikuwa anachambua majani ya sombe na Léa, akaniuliza pole pole, "Tata, kweli niko na miaka ngapi?" Nikamwambia, kumi na mbili. Akaweka majani chini, akasema, "Sasa juu ya nini banasema miye njo nilikubali?"

Nitasema yote mbele ya juji, hata wakinifunga, hata Padri akininyang'anya katekisimu. Lakini mimi niliyedanganya, nani ataniamini bila karatasi? Nakuomba uende kwa Mapadri wa kwenu, kule walibatizwa wote wawili. Waangalie vitabu: kifo cha yule wa kwanza, 1939, na ubatizo wa huyu, Septemba 1940. Weye njo mama yake wa batizimu, jina lako limo. Wanakili, watie muhuri, utume kwa treni.

Musalimie shemeji, na mama Ève, na batoto wote wa nyumba yako. Bikira Maria asikuachilie hata siku moja.

Juji atakaa Jumanne tarehe 24. Tafadhali yaya, nijibu upesi.

Mudogo wako anayekupenda,
Constant Kabamba